Mbeya hadi Unguja: tiketi ipi ukate, ipi uache

Ya kwanza kwangu ni tiketi moja ya ndege, kutoka Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, hadi Unguja, unabadilishia Dar es Salaam. Mara nyingi ndiyo ghali, sibishi. Lakini ukungu ukitanda Songwe asubuhi, ndege haina haraka na mtu. Kwenye tiketi moja, ukikosa ndege ya kuunganisha, kukufikisha ni kazi ya shirika. Ukiwa umekata mbili mbalimbali, hasara ni yako, na hoteli ya Nungwi inahesabu usiku wako kama kawaida.

Ya pili, hasa kwa wenye watoto: ndege hadi Dar, kisha boti. Baharini ni kama saa mbili, na boti zipo zaidi ya moja kwa siku, ila ya mwisho huondoka alasiri. Kwa hiyo kata ndege ya asubuhi. Ukitua jioni utalala Dar, na nafuu yote itaishia kwenye gesti na teksi. Halafu Juni hadi Agosti kusi huvuma na bahari huchafuka. Anayetapika kwenye kona za Kitonga asijidanganye, akae nyuma chini, si juu mbele.

Ndege ndogo za Dar hadi Unguja naziweka ya tatu. Angani ni dakika ishirini hivi, raha tupu, lakini nyingi zinaruhusu mzigo wa kilo 15 tu, tena begi laini. Mchele wa Kyela wa kumpelekea shemeji utabaki Mbeya.

Basi ni la mwisho kwa mtu wa Mbeya: kilomita zaidi ya 800, na ukishuka stendi ya Magufuli pale Mbezi bado hujafika bandarini. Kwa mtu wa Iringa hesabu inageuka, maana kurudi nyuma hadi Songwe ni zaidi ya kilomita 300. Yeye apande basi, alale Dar, avuke asubuhi. Treni ya Tazara ni tamu kwa asiye na haraka, ila usiiunganishe na boti ya siku hiyohiyo.

Ukiweza kuvumilia masika, Aprili na Mei vyumba hushuka bei, ingawa baadhi ya hoteli hufunga. Na beba kitambulisho cha NIDA: bima ya lazima iliyoanza Oktoba 2024 Zanzibar ni ya wageni wa kutoka nje ya nchi, Mtanzania asikubali kuuziwa.