Nauli ya Makumbusho, safari ya Buguruni

Daladala za Gongo la Mboto–Makumbusho, hapa Dar, sizipandi tena. Juzi kati hapa konda alichukua nauli yangu ya safari nzima hata Tazara hatujafika, akaikunja noti vizuri katikati ya vidole. Buguruni akagonga bodi: "Mwisho wa gari, shukeni!" Kulikoni? Gari bovu. Haya, chuma huharibika. Ila wa mwisho hajagusa chini, dereva kashageuza, na konda yuleyule anaita abiria wa kurudi Gongo la Mboto, "Gombo, Gombo, siti zipo!" Ubovu gani huo unaopona kwa kukata kona?

Nikamwambia, mwanangu, basi nirudishie nauli ya huko mbele. Akanipandisha na kunishusha kwa macho. "Maza, ukitaka kufikishwa mlangoni chukua bajaji." Abiria wenzangu kimya, kila mtu anakimbilia gari jingine.

LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, walipopandisha nauli Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 500 ikawa 600. Mwanafunzi akabaki na 200 yake, ndiyo maana makonda wanamsukuma mlangoni kama mzigo. Mafuta yamepanda, tuliambiwa, na sikubisha. Lakini kwa mpangilio ule, vipande viwili vifupi vinaingiza zaidi ya safari moja ndefu. Akikata ruti Buguruni anaanza upya na abiria wapya, na mimi naanza upya na pochi yangu. Kukata ruti ni kosa, trafiki anajua, konda anajua, na ule mstari wa rangi ubavuni mwa gari, wa kuonyesha ruti yake, umebaki pambo.

Halafu nikikaa nikiwaza namwonea huruma yule kijana. Tajiri, mwenye gari, anasubiri hesabu yake jioni, hataki kusikia habari za foleni. Nauli imepangwa kwa kilomita. Yale masaa ya kusota Ubungo hakuna anayeyalipia. Pengine hata mimi ningegeuza.

Hapana, bwana. Huruma ya nini? Angesema tangu Gombo kwamba anaishia Buguruni, ningempa ya Buguruni tukaachana salama. Hela alishaishika! Huo ni wizi, foleni isisingiziwe.

Nimesema sizipandi, lakini asubuhi huku kwetu utapanda nini kingine? Nitapanda. Ila nauli naitoa tukishavuka Ubungo, na konda akitaka kupiga kelele apige.