Waliniambia Dola Yangu ya 1892 Imelika: Uzoefu Wangu na Wapangaji wa Madaraja ya Sarafu

Nimeahirisha kuandika haya nikitaka hasira itulie kwanza, lakini kila nikilitazama kasha lile la plastiki walimoifunga sarafu yangu inapanda upya. Mapema mwaka huu nilituma sarafu chache za fedha kwa kampuni inayokagua sarafu za kale na kuzipanga madaraja, mojawapo ikiwa dola ya Morgan, ile dola ya fedha ya Marekani yenye kichwa cha mwanamke upande mmoja na tai upande wa pili, ya mwaka 1892 iliyotengenezwa katika kiwanda cha New Orleans. Ilirudi ikiwa na daraja la 55 katika kipimo cha 1 hadi 70, yaani sarafu iliyopita mikononi mwa watu ikalika kidogo. Maelezo ya mkaguzi yalikuwa mstari mmoja tu, kwamba nywele zilizo juu ya sikio la yule mwanamke zimelika.

Nywele zile hazijalika, kwa sababu hazikuwahi kujitokeza. Katika dola ya Morgan, nywele zilizo juu ya sikio upande mmoja na kifua cha tai upande wa pili ziko sehemu zinazoelekeana kabisa, katikati ya sarafu. Hapo ndipo mihuri yote miwili ya chuma ilipochongwa kwa kina, kwa hiyo fedha ya kisahani kitupu kinachopigwa kuwa sarafu hutakiwa kupanda juu na kushuka chini kwa wakati mmoja. Mihuri ikiachanishwa hata kidogo, au nguvu ya mashine ikipunguzwa ili mihuri isichoke upesi, fedha haifiki mwisho wa mchoro, na sarafu huzaliwa ikiwa na nywele butu na tai asiye na manyoya kifuani. New Orleans inajulikana sana kwa pigo hafifu la namna hii, na sarafu zake za 1892 ni miongoni mwa zile ambazo wakusanyaji wa Morgan huzitaja kwanza kila mazungumzo yanapofika hapo. Mkaguzi anayelipwa kwa kazi hii hapaswi kusimuliwa jambo hilo na mteja.

Tofauti ya pigo hafifu na kulika haihitaji kubahatisha. Mahali ambapo fedha haikuujaza muhuri, ngozi ya kisahani kitupu hubaki ilivyokuwa kabla ya kupigwa, pamoja na vishimo na mikwaruzo midogo ambayo pigo kamili lingeifuta. Kulika hufanya kinyume chake, maana huondoa vishimo hivyo na kuacha bapa laini la kijivu lisilo na mwako, ule mng'ao wa asili wa sarafu mpya. Chini ya lenzi, juu ya sikio la sarafu yangu vishimo vipo, na vinang'aa. Shavu, ambalo ni pana na halina kinga, lina alama za kugongana na sarafu nyingine katika yale magunia ya dola 1,000, lakini halijafifia hata kidogo, ilhali sarafu iliyozunguka sokoni hufifia shavuni pia. Makunyanzi ya kofia na kingo za majani ya pamba ni makali. Ukiizungusha polepole chini ya taa moja, miale inazunguka uwanja mzima na kupita juu ya zile nywele butu bila kukatika. Kwangu mimi ushahidi huo wa mwisho ndio mkuu kuliko wote, kwa sababu mwako ukishasuguliwa haurudi.

Niliwapigia simu nikiamini kwamba jambo lingekwisha kwa dakika chache. Mhudumu alinisikiliza kwa adabu, akaniunganisha na mtu aliyejitambulisha kuwa mmoja wa wakaguzi. Nilianza kumweleza habari ya vishimo, naye akanikatiza kabla sijamaliza sentensi: "Ndugu mteja, nywele zisipoonekana zimelika. Kila anayetuma sarafu hudhani yake ni mpya." Nilimwuliza kama aliitazama chini ya taa moja huku akiizungusha. Alijibu kwamba hawafundishwi kazi na wateja, kisha akaniambia kuwa nikitaka ikaguliwe tena nilipe ada upya. Sijawahi kujibiwa hivyo na mtu ambaye kazi yake yote ni kutazama kwa makini.

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Dola ya 1881 ya San Francisco niliyoituma pamoja na hiyo waliipa daraja ambalo ningelitoa mwenyewe, makasha yao ni imara, na sarafu zote zilifika salama. Sikutarajia pia kwamba dola ya New Orleans ingepewa 66, kwa kuwa pigo hafifu hushusha daraja la juu, na ni haki lishushe. Ningeridhika na 62. Ninacholalamikia ni kuvukishwa mpaka ule wa 60, kwa sababu chini yake sarafu huhesabiwa kuwa imetumika, na neno hilo hubadilisha thamani yake, mnunuzi wake na historia yake yote.

Kinachonikera zaidi ni dola ya 1921 iliyokuwa katika mzigo huohuo. Mwaka huo mchoro wa Morgan ulichongwa upya kwa kina kidogo, hivyo nywele na kifua cha tai huonekana bapa hata sarafu ikiwa mpya kabisa. Hiyo waliipa 63 bila swali. Kumbe wanajua kwamba mistari inaweza kukosekana bila sarafu kulika! Dunia ya ukaguzi imelikubali jambo hilo zamani, ndiyo maana sarafu za Marekani za senti kumi ziitwazo Mercury, za 1916 hadi 1945, hupewa alama ya pekee ikiwa mikanda ya fungu la fimbo lililochorwa nyuma yake imetenganika kikamilifu, na zile ambazo mikanda yake haikutenganika huweza kubaki sarafu mpya. Ukamilifu wa pigo hupimwa kwa kipimo chake na kulika kwa kipimo kingine, lakini mtu yule alivichanganya vyote viwili na kukataa hata kunisikiliza.

Nilipoanza kuandika nilidhani ningewashauri wengine wawape sarafu za San Francisco peke yake na kuwanyima za New Orleans. Sasa hata hilo siliwezi. Dola ya 1881 ya San Francisco kwa kawaida hutoka na kila unywele mahali pake, na kuipa daraja sahihi hakuonyeshi kwamba mkaguzi anajua kutofautisha chochote. Kwa hiyo sitawapelekea sarafu nyingine, na ada ya ukaguzi wa pili sitailipa. Ikiwa wanataka kubadili maoni yangu, waitazame upya kwa gharama zao wenyewe, kisha waniandikie ni wapi hasa juu ya sikio lile walikouona mwako umekatika.