Miezi sita katika nyumba ya kupanga Njiro: kodi, kifodi na tope

Kwa miezi sita sasa ninaishi Njiro, jijini Arusha, katika nyumba ya vyumba viwili, kimoja kikiwa masta, umbali wa takriban kilomita moja na nusu kutoka kituo cha Kontena. Kodi ni shilingi 320,000 kwa mwezi, inalipwa ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye alichukua kodi ya mwezi mmoja, hivyo siku ya kukabidhiwa funguo nilikuwa nimeshatoa 2,240,000.

Nyumba yenyewe naisifu bila kusita. LUKU ni ya kujitegemea, jambo ambalo kila aliyewahi kuchangia mita na wapangaji wenzake analithamini, mlinzi yupo, na asubuhi za kiangazi Mlima Meru unaonekana wote kutoka dirisha la jikoni. Maji hayakatiki kwa sababu kuna kisima na simtanki, lakini hapo mpangaji mgeni aulize vizuri: maji ya ardhini katika maeneo mengi yanayouzunguka Meru yana floridi nyingi inayotokana na miamba ya volkano, nayo ndiyo inayowaachia watoto meno ya kahawia, wala kuchemsha hakuiondoi. Sisi ya kisima tunafulia na kuogea, ya kunywa na kupikia tunanunua kwa dumu. Mwenye nyumba hakulitaja hilo, kama ambavyo hakutaja mchango wa umeme wa pampu, 10,000 kila mwezi, ambao haumo kwenye mkataba.

Lililoniumiza zaidi ni usafiri. Niliiacha nyumba ya 400,000 kule Kijenge, ambako ningekwenda kazini kwa miguu, nikiamini kwamba ninaokoa 80,000. Bodaboda kutoka nyumbani hadi Kontena ni 1,000, kifodi, yaani daladala ndogo za hapa Arusha, hadi mjini 600, na kurudi ni vivyo hivyo. Kwa siku 26 za kazi jumla ni 83,200. Nafuu yote niliyoifuata Njiro imeishia barabarani.

Masika yalipoanza, njia ya ndani ikawa utelezi mtupu, na vijana wa bodaboda wakawa wanadai 2,000 au wanakataa kabisa kuingia. Mama mmoja mwenye genge pale Kontena alitupokea wapangaji kadhaa: asubuhi tulivulia mabuti yenye tope kwenye kibao chake, tukavaa viatu vya kazini, na jioni tuliyakuta yamekaushwa na kupangwa jozi kwa jozi chini ya meza ya nyanya. Hakututoza hata shilingi, nami namshukuru kwa dhati.

Mkataba unaisha mwisho wa mwezi huu. Nimemwomba mwenye nyumba amwage kifusi sehemu korofi iliyo karibu na geti, aandike mchango wa pampu kwenye mkataba mpya, na apokee kodi ya miezi mitatu mitatu. Akikubali kifusi na mkataba, nitabaki. Akikataa, nitarudi kwa yule dalali wa Kijenge.