TAHADHARI: Difu za mtumba za Hilux Tabora zinanyamazishwa kwa unga wa mbao

Wakuu wenye pikapu Tabora, Urambo, Kaliua na Sikonge, someni hili kabla hamjatoa hela.

Kuna muuzaji anapita kwenye magereji na difu za Hilux (yale makasha ya gia yanayopeleka nguvu ya injini kwenye matairi), anadai zimetoka kwenye gari la ajali na hazijaguswa. Nilichukua moja kwa laki saba. Meno yalikuwa yamezikwa kwenye grisi nyeusi. Akasema ni ya kuzuia kutu, nikakubali. Akanipa na fundi wake wa kufunga bure, tena oili wakaja nayo wenyewe kwenye dumu. Hapo ndipo nilipopigwa.

Siku nne gari kimya kabisa. Siku ya tano natoka Urambo na magunia ya mahindi, sijafika hata Usoke, difu ikaanza kulia wuuu kila nikiachia mafuta. Ikagonga mara mbili, ikakwama. Nililala barabarani na mzigo wa watu.

Fundi mwingine, kijana aliyesomea VETA, alifungua nati ya chini ukatoka uji wa kijivu wenye unga wa mbao. Unga huo unameza sauti kwa siku chache tu, huku unaizuia oili isifike kwenye beringi. Alipofuta grisi, krauni (gia kubwa ya duara) ilikuwa na namba yake na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) namba nyingine. Gia hizo husagwa pamoja kiwandani na hubadilishwa pamoja. Hapa walikuwa wameoanisha mabaki ya difu mbili.

Nilisimama nikamwangalia anavyofunga nyingine. Aliweka saa ya kupimia kwenye jino la krauni, akalitikisa kwa kidole: mchezo (nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni) uwe kati ya milimita 0.13 na 0.18. Ukizidi meno yanagonga, ukipungua yanachemka. Kisha akapaka meno rangi na kuizungusha, aone yanagusana wapi. Yule wa bure alikuja na spana na nyundo, basi.

Wenye gari la kuvuta mbele na nyuma, hesabuni meno pia. Difu ya 41 kwa 10 (krauni meno 41, pinioni 10) nyuma na ya 41 kwa 9 mbele zitavutana mpaka kitu kikatike.

Kama umefungiwa difu na watu hawa, usisafiri. Mwaga oili kwenye beseni leo, ipitishe kwenye kitambaa uone kinachobaki. Ikiwa safi, weka oili ya gia ya daraja la GL-5 uliyoinunua mwenyewe dukani.