Siku Tatu Kasese, Mwisho wa Reli

Watu wengi wanaofika Kasese, magharibi mwa Uganda, wanalala usiku mmoja tu. Asubuhi wanachukua mizigo yao, ama kuelekea mlimani Rwenzori, ama kwenda kuona wanyama kwenye hifadhi ya Queen Elizabeth. Mimi na mama tulikaa siku tatu, usiku tatu, na naandika haya kwa sababu naona mji huu unanyimwa haki yake.

Niseme kwanza kilichotupeleka. Mama alizaliwa Kilembe, kwenye migodi ya shaba juu ya mji wa Kasese, mwaka 1958, miaka miwili baada ya reli kufika Kasese kutoka Kampala. Babu alikuwa mchimbaji wa shaba. Baadaye akapata kazi kwenye kiwanda cha kuyeyushia shaba Jinja, familia ikahama, na mpaka leo tuko Jinja, Walukuba. Kwa hiyo mama aliifuata shaba njia ileile iliyopita: Kilembe, Kasese, Kampala, Jinja. Tangu hapo hakurudi.

Treni ya abiria ya kwenda Kasese haipo tena, ilikoma miaka ya 1990. Tulipanda basi Kampala saa moja asubuhi, tukapitia Mubende na Fort Portal, tukashuka Kasese saa tisa alasiri. Barabara ni nzuri. Ukitoka Fort Portal mlima uko mkono wako wa kulia muda wote, lakini mchana mawingu hukaa juu yake kama blanketi na huoni kitu zaidi ya vilima vya chini vyenye migomba na kahawa. Shuka ukijua kwamba Kasese kuna joto. Watu husikia neno theluji wakabeba masweta, kumbe mji wenyewe uko bondeni na jua lake ni kali.

Kuhusu malazi nitasema kifupi. Nyumba ya wageni tuliyoifikia ilikuwa safi na mashuka yalinukia sabuni, lakini bomba lilikauka usiku wa kwanza na wa pili. Kila tukiuliza tunaambiwa "yanakuja." Mama mwenye umri wake alioga kwa ndoo nusu. Ukienda, uliza habari ya maji kabla hujalipa, tena mwambie mwenye nyumba akufungulie bomba ulione.

Asubuhi ya pili tulikwenda stesheni kwa miguu. Usitarajie makumbusho, hakuna kibao cha maelezo wala tiketi ya kuingia. Kuna reli nyembamba za mita moja zimezama kwenye nyasi, sehemu nyingine mtu ameanika mihogo juu ya changarawe. Niliinama nikagusa taruma moja la chuma. Kutu imelila pembeni mpaka limekuwa kama jani lililotobolewa na wadudu, lakini misumari mikubwa iliyobana reli bado imeshika, haitikisiki hata ukiipiga teke. Hapa ndipo shaba ya Kilembe ilipakiwa ikaenda Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, kisha ikashuka Mombasa kwenye meli. Mama alisimama akaelekeza kidole: pale waliuza mayai ya kuchemsha, pale walikaa na masanduku wakisubiri kengele. Alisema walipanda jioni wakiwa watoto, wakalala ndani ya behewa, wakaamka Kampala.

Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alitusogelea akauliza, "Mama, mulikuwa munakaa huku zamani?" Mama akamjibu kwa Kikonzo, lugha ya wenyeji, kidogo alichobaki nacho, yule mzee akacheka kwa furaha, wakashikana mikono miwili. Hili nawaambia wasomaji wa Kiswahili hasa: Kasese lugha yetu inakufikisha popote. Mpaka wa Kongo, Mpondwe, uko karibu, wafanyabiashara wanavuka kila siku, na sokoni utasikia Kiswahili cha Kongo kimechanganyika na Kikonzo bila mtu kushangaa. Kampala nikitaja bei kwa Kiswahili watu hunitazama mara mbili. Kasese niliulizwa tu nataka kilo ngapi.

Kilembe ni mwendo mfupi kwa bodaboda, ukipandisha bonde la mto Nyamwamba. Hapa tengeni siku nzima. Migodi ilianza kutoa shaba mwaka 1956, ikadorora miaka ya 1970 nchi ilipovurugika, kisha ikasimama. Nyumba za wafanyakazi bado zimejipanga kwa safu kwenye mteremko, watu wanaishi ndani, nguo zimeanikwa, watoto wanacheza. Kitu kilichomnyamazisha mama ni mto. Yeye aliuacha mto wa kufulia nguo. Tulichokuta ni uwanda wa mawe meupe, mengine makubwa kama gari dogo, yaliyoteremshwa na mafuriko ya Mei 2013 na tena Mei 2020. Hospitali ya Kilembe iliharibiwa, nyumba zilibebwa, watu walikufa. Tulitafuta nyumba aliyozaliwa kwa saa nzima. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipepeta maharage alituonyesha mahali safu ile ilipokuwa: mawe matupu, na mti mmoja wa parachichi umeinama. Mama alikaa kwenye jiwe. Sikumharakisha. Yule mwanamke alileta kiti, akaleta na chai, akakataa katakata tulipotaka kumpa chochote. Mama alimwambia "wasingya," yaani asante, zaidi ya mara tatu.

Kwa anayetaka kutembea bila kupanda hadi kileleni, nenda Nyakalengija, lango la njia kuu ya mlima, upande wa mto Mubuku. Hatukuwa na nguvu wala vifaa vya kufika Margherita, kilele cha juu kabisa, mita 5,109, safari inayochukua wiki nzima au zaidi. Tulizunguka vijijini tu na kijana wa hapo, tukaona kahawa ikianikwa, maji ya mto yakiwa baridi kiasi cha kuuma vidole. Malipo pataneni mapema. Sisi tulikubaliana bei moja kabla ya kuanza, mwishoni ikadaiwa nyingine, na hilo lilitia doa siku iliyokuwa nzuri.

Siku ya tatu tulikodi gari hadi Katwe. Njiani, Kikorongo, kuna ule mstari wa ikweta wenye duara mbili za saruji kando ya barabara. Piga picha, endelea. Ziwa la chumvi ndilo la kuona. Liko ndani ya shimo la volkano, limegawanywa viwanja vidogo vidogo kwa matuta ya udongo na miti, na kila kiwanja kina mwenyewe, kinarithiwa ndani ya familia. Wanaume wanasimama majini mpaka kiunoni wakivunja chumvi ya mawe kwa vyuma. Maji yale yanakula ngozi. Tulinunua chumvi kidogo ya kiwanja, mama anaipikia mpaka sasa, na anasema ladha yake ndiyo ile ya utotoni.

Chakula mjini: ombeni ugali wa muhogo, wenyewe wanauita obundu, kwa sombe, yaani kisamvu, na samaki wa ziwa George. Sisi tulikula hicho siku zote tatu na hatukuchoka.

Je, ningerudi? Ndiyo, na nitarudi na watoto wangu. Lakini nendeni Juni hadi Agosti au Desemba hadi Februari, mvua inapopungua, na amkeni mapema. Asubuhi ya kuondoka tulitoka nje saa kumi na mbili na nusu. Mawingu yalikuwa yamefunguka, na nyuma ya vilima vyeusi kulikuwa na kipande cheupe, kidogo, kimekaa juu kabisa. Mama alisema "nzururu," theluji, jina ambalo mlima wenyewe umebeba ndani yake. Kilidumu kama dakika kumi. Alisema zamani kilikuwa kikubwa kuliko hivyo.

Mkirudi Kampala kwa njia ya Fort Portal, kaeni upande wa kushoto wa basi.