Uzoefu wangu na daraja la kwanza kwenye treni za kasi za Ulaya: angalia siti kabla ya kulipa

Treni ninazozisemea hapa ni TGV za Ufaransa, ICE za Ujerumani, Frecciarossa na Italo za Italia, na Eurostar ya kwenda London. Kauli yangu naitoa mapema: daraja la kwanza unalipia upana. Ulaini wa kiti unatofautiana treni kwa treni, na utulivu unategemea umekaa sehemu gani ya behewa. Ukikata tiketi bila kutazama namba ya siti, unaweza kulipa nauli kubwa ukaishia jirani na choo, ubavuni mwako nguzo ya ukuta badala ya dirisha, na safari nzima unaenda kinyumenyume.

Huo upana unatoka wapi? Reli ni ya geji (nafasi kati ya vyuma viwili vya reli) ya 1,435 mm, sawa na SGR zetu za Kenya na Tanzania, na behewa la TGV kwa nje lina mita 2.9 hivi. Behewa halipanuki kwa sababu umelipa zaidi. Daraja la pili linapangwa viti viwili kila upande wa korido. La kwanza viwili upande mmoja na kimoja upande wa pili. Nafasi ya kile kiti cha nne ndiyo inayogawanywa: kiti kinapanuka, pa kuwekea mkono panapanuka, na bega lako halimgusi jirani. Kwa mtu mnene au mwenye mabega mapana tofauti ni kubwa mno. Kwa mwembamba anayesafiri saa moja na nusu, mimi nasema abaki daraja la pili.

Siti bora kuliko zote kwa anayesafiri peke yake ni ile ya upande wa kiti kimoja. Una dirisha na una korido, humwombi mtu akupishe. Ila soma ramani ya siti vizuri, kwa sababu baadhi ya viti hivyo vinatazamana viwili viwili na meza katikati. Kwa mke na mume hapo ni pazuri sana. Ukiwa peke yako na miguu mirefu, utagongana magoti na mgeni hadi mwisho wa safari.

Kisha dirisha. Madirisha yamepangwa kwa vipimo vya bodi ya behewa, na safu za viti zina vipimo vyake, kwa hiyo siti yenye jina la dirishani inaweza kuangukia penye nguzo. Siti za meza ya watu wanne mara nyingi hukaa sawa na dirisha. Tafuta ramani inayochora madirisha, si viti peke yake.

Kwa kelele na mtikisiko, kaa katikati ya behewa. TGV imeunganishwa kwa namna ambayo bogi la magurudumu linakaa kwenye maungio ya mabehewa mawili, kwa hiyo ukikaa mwisho wa behewa uko juu ya magurudumu, na huko huko kuna mlango, choo na watu wanaopitapita. Mota za TGV ziko kwenye vichwa viwili, mbele na nyuma, mbali na abiria. Treni za aina ya ICE 3, Frecciarossa 1000 na Eurostar e320 zimesambaza mota chini ya sakafu kwa urefu wa treni, na mwenye sikio jepesi atazisikia treni inapoongeza mwendo.

TGV Duplex, ya ghorofa, inastahili maelezo yake. Juu unaona mbali, macho yanapita juu ya kuta za kuzuia kelele kando ya reli. Lakini njia ya kutoka behewa moja kwenda jingine iko huko huko juu, kwa hiyo kila anayekwenda kununua kahawa anapita ubavuni kwako. Chini hakuna anayepita, pametulia, ila mandhari mara nyingi ni ukuta na tuta. Anayetaka kulala akate chini. Mwenye sanduku zito naye hivyo hivyo, kwani ngazi ni nyembamba na zina kona. Anayeugua kichefuchefu akirudi nyuma atafute TGV Océane za njia ya Bordeaux, zilizoanza 2017: viti vyake vya daraja la kwanza huzungushwa vikaelekea mwendo wa treni.

Kwingineko jihadhari na vituo vya mwisho wa reli. Frankfurt, Zürich na Roma Termini treni huingia na kutoka upande ule ule, na uliyekuwa unatazama mbele unaanza kwenda kinyumenyume. Kama safari inapita vituo hivyo, chagua mwelekeo kwa kipande kirefu zaidi.

ICE 4 ina kiti kigumu kiasi, sponji imekazwa. Ukikilaza, mgongo wake hauangukii aliye nyuma. Mgongo huo unashuka ndani ya ganda la kiti huku kikalio kikisogea mbele. Ustaarabu huo naupenda, ila unalipwa na magoti yako. Tiketi ya daraja la kwanza ya Ujerumani kwa kawaida inajumuisha kuhifadhi siti, na wahudumu huleta chakula cha kununua hadi ulipo. Omba sehemu ya kimya, iitwayo Ruhebereich.

Italia, daraja liitwalo Premium la Frecciarossa linawapoteza wengi. Ni ngozi, lakini bado viti vinne kwa safu. Upana wa kweli unaanzia daraja la Business, viti vitatu kwa safu. Executive ya Frecciarossa 1000 ina viti 10 tu, kimoja kila upande, na vinazunguka. Mwenye kutaka upana bila mlo wala mapambo atazame daraja la Comfort la Italo. Hiyo ndiyo thamani nzuri kuliko zote nilizotaja.

Eurostar, madaraja ya Plus na Premier yana viti vya aina moja. Nyongeza ya Premier inakwenda kwenye chakula na uhuru wa kubadili tiketi. Kama shida yako ni mgongo, ishia Plus.

Wenye pasi ya Eurail, tiketi moja ya kusafiria treni za nchi nyingi za Ulaya, wajue kuwa pasi ya daraja la kwanza haina siti ndani yake. TGV ni lazima uhifadhi na ulipe kando, na nafasi za wenye pasi huisha mapema. ICE si lazima, lakini Ijumaa jioni hifadhi. Siku ya safari tazama herufi za jukwaani zinazoonyesha behewa lako litasimama wapi, maana hutokea treni ikaja imegeuzwa, na daraja la kwanza likawa mwisho mwingine kabisa. Ufaransa milango hufungwa dakika 2 kabla ya muda wa kuondoka. Ujerumani, usipokalia siti yako ndani ya dakika 15 baada ya treni kuondoka, mwingine ana haki ya kuikalia, kwa hiyo nenda kwanza kwenye siti, kahawa baadaye.