Tepu ya VHB kwa herufi za akriliki: bei imechangamka ila inashika

Kama unabandika herufi za akriliki kwenye bango la duka achana na ile tepu ya sponji nyeupe ya bei chee, jua la Dar likiipiga inalegea halafu mteja anakupigia "fundi, herufi A imedondoka". Hii VHB, tepu ya kunata pande mbili ya kampuni ya 3M, ni ghali kweli, na uangalie sana maana feki zipo, lakini ikishika imeshika. Yenyewe inanyumbuka kidogo herufi zikitanuka kwa joto, supagluu haina hiyo kitu, inakakamaa na kuacha ukungu mweupe pembeni ya akriliki, inatia aibu.

Kinachonikera haikupi nafasi ya pili, ukigusisha tu ndo basi. Kwahiyo piga mstari kwa pima maji, bandika templeti ya karatasi na maskingi tepu, menya kona tu ya ganda la tepu iliyo nyuma ya herufi uikunje ichomoze nje, weka herufi mahali pake, ukiridhika ndo unavuta ganda taratibu huku umeishikilia, kisha gandamiza kwa nguvu. Na kabla ya yote futa sehemu ya kubandikia kwa isopropili (spiriti ya kusafishia) na maji nusu kwa nusu.

Nguvu kamili inakuja baada ya masaa 72 hivi, mteja asianze kuzivutavuta siku hiyohiyo jamani. Kwenye kioo na alukobondi (yale mabamba ya alumini ya mabango) naipa nyota tano. Ukuta wa plasta unaotoa vumbi wala usijaribu, toboa uweke pini na silikoni.